Katuni nzuri, lugha haisogei: tatizo liko wapi?

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa lugha ambaye tayari amewapa wanafunzi programu ya kuchora au kutengeneza katuni, akaona darasa limechangamka, kisha akakusanya kazi na kukuta lugha iko palepale. Programu zenyewe ni za kawaida. Kuna FlipaClip ya kuchora fremu moja moja (yaani picha zinazopishana haraka hadi zionekane zinatembea) kwenye simu au kishikwambi (tableti). Kuna ScratchJr iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na Scratch yenyewe kwa watoto wa kuanzia miaka 8. Kuna pia Tux Paint, ambayo hata kompyuta kuukuu ya maabara ya shule inaiweza. Zote unaweza kuanza nazo bure, na zikishawekwa kwenye kifaa, kazi nyingi zinafanyika bila bando.

Vifaa navyo vipo zaidi ya tunavyodhani. Kenya, shule za msingi za umma zilianza kupewa tableti mwaka 2016. Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye. Katika shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo mengi ya ninayoyaeleza hapa yanachukulia kwamba kifaa ni cha shule au cha mwalimu.

Msimamo wangu nautoa mapema: kasoro nyingi zinazotupiwa programu zinatokana na jinsi tulivyopanga kipindi. Picha imetangulia, sentensi imesubirishwa hadi mwisho, na mwisho haukufika.

Dalili: michoro inapendeza, maandishi hakuna

Hili ndilo lalamiko namba moja. Mwanafunzi ametumia kipindi kizima kutia rangi mbawa za kuku. Ukimuuliza hadithi inahusu nini, anakujibu: "Kuku."

Kabla ya kumlaumu mtoto, soma upya agizo ulilotoa. "Choreni hadithi kuhusu kuku" ni agizo la somo la sanaa, na mtoto amelitimiza. Hakuna mahali ulipomwambia kwamba picha inahitaji maneno, na picha aliyoichora kwa kweli haiyahitaji. Kuku anayetembea anaonekana kuwa anatembea.

Tiba ni kugeuza mpangilio. Sentensi ziandikwe daftarini kwanza, zisomwe kwa sauti mbele ya mwenzake, ndipo kifaa kifunguliwe. Kwa kuanzia, sentensi 4 zinatosha, na ScratchJr inakusaidia hapa bila wewe kusema neno, maana mradi wake mmoja hauzidi kurasa 4. Ukurasa wa kwanza unamleta mhusika, wa pili unaleta shida, wa tatu unaonyesha alivyohangaika, wa nne unaonyesha yaliyompata. Mtoto anayejua kwamba ana kurasa 4 tu hujifunza kuchagua, na kuchagua kipi kisemwe na kipi kiachwe ndiyo kazi kubwa ya insha.

Pili, dai maneno ambayo mchoro hauwezi kuyabeba. Picha haiwezi kuonyesha sababu, nia, majuto wala ahadi. Picha inaonyesha kuku yuko nje usiku, maneno pekee ndiyo yanayoweza kusema, "Alikuwa ameahidi kurudi kabla ya magharibi." Kwa hiyo nikitoa kazi, nataka angalau sentensi moja yenye *kwa sababu*, *ingawa*, *ili* au *laiti*. Sentensi hiyo moja hubadilisha katuni nzima, kwani sasa mchoraji analazimika kufikiria kuku huyu alitaka nini.

Zipo programu zenye maktaba ya wahusika na mandhari tayari. Wengine huona kuzitumia ni uvivu. Kwa somo la lugha mimi naona ni msaada: mtoto asiyejiamini kuchora anachagua mhusika, na dakika zake zinakwenda kwenye maneno.

Dalili: kipindi kimekwisha, katuni haijafika popote

Hapa chanzo ni hesabu. FlipaClip huanza ikiwa imewekwa fremu 12 kwa sekunde. Katuni ya sekunde 10 kwa mwendo huo inadai fremu 120. Kipindi cha darasa la nne hadi la sita Kenya ni dakika 35, na cha shule ya msingi Tanzania kwa madarasa ya juu ni dakika 40. Hakuna mtoto atakayechora fremu 120 ndani ya muda huo na bado akapata nafasi ya kuandika.

Shusha mwendo hadi fremu 3 kwa sekunde. Sekunde 10 zilezile sasa zinataka fremu 30, na nyingi kati ya hizo ni nakala: unanakili fremu iliyopita, unafuta mkono, unachora mkono mahali pengine. Katuni itakatikakatika kidogo. Watoto hawajali, na lugha haipungukiwi na kitu. Waonyeshe pia namna ya kuwasha kivuli cha fremu iliyotangulia, ili mhusika asiwe anakua na kusinyaa kila anapopiga hatua. Na wachore watu wa vijiti: duara kuwa kichwa, mstari kuwa mwili.

Bado muda haukutosha? Gawa kazi kwa vipindi viwili, na cha kwanza kifanyike bila kifaa kabisa.

Dalili: hadithi nzima ni "halafu… halafu… halafu"

Naomba tukae hapa kidogo, maana katuni inaweza kufundisha jambo hili vizuri kuliko zoezi lolote la kujaza nafasi ninalolijua.

Mwanafunzi anaandika hivi: "Sungura aliamka. Halafu alitoka. Halafu alimwona Fisi. Halafu alikimbia." Kila sentensi ina fremu yake, na hapo ndipo kasoro inapozaliwa. Mtoto anaelezea picha moja moja kana kwamba zimebandikwa ukutani, mbalimbali. Kazi ya kuziunganisha ameiachia programu, na programu inaunganisha kwa macho tu.

Mpe kanuni hii: picha 3, sentensi 1. Atalazimika kufunga matendo pamoja, na Kiswahili kina kiungo chake tayari: "Sungura aliamka, akatoka pangoni, akamwona Fisi." Tendo la kwanza limebeba -li- na limeuweka wakati, yanayofuata yanapanda -ka-. Mwonyeshe kwenye skrini: bonyeza fremu ya kwanza, sema *aliamka*, ya pili, *akatoka*, ya tatu, *akamwona*. Darasa zima liseme pamoja kila picha inapobadilika. Baada ya muda mfupi utasikia -ka- inatoka yenyewe.

Kisha ongeza ugumu. Weka wahusika wawili wanaofanya mambo kwa wakati mmoja: Fisi amelala upande mmoja, Sungura anachimba upande wa pili. Sasa -ka- haifai, kwa kuwa hakuna kilichotangulia. Waulize: tunasemaje mambo mawili yanapokwenda pamoja? "Fisi alikuwa amelala huku Sungura akichimba shimo." Hiyo ndiyo -ki-, na mtoto ameiona kwa macho kabla ya kuandikiwa ubaoni. Mfano mwingine mzuri ni wa mtu anayetazama tendo likiendelea: "Sungura alimwona Fisi akija." Mwambie mwanafunzi achore macho ya Sungura yakimfuata Fisi fremu baada ya fremu, na hapo -ki- haitahitaji maelezo marefu.

Jambo la tatu husahaulika sana: tendo lisilotendeka. Mtoto akitaka kusema kwamba Fisi hakujibu, huandika "na hakujibu", na hajakosea. Lakini mfundishe pia msimulizi mzoefu asemavyo: "Fisi akanyamaza, asijibu neno." Kwenye katuni, hiyo ni fremu moja iliyoachwa isimame kwa sekunde 2 bila kusogea. Fremu ile ya kimya ina kitenzi chake.

Mwishoni, ichezeshe katuni bila sauti mara mbili. Mara ya kwanza mwanafunzi atangaze kama mtangazaji wa mpira: "Sungura anatoka, anatazama huku na huku, Fisi anamkaribia!" Mara ya pili asimulie kama bibi anayesimulia jioni: "Sungura alitoka, akatazama huku na huku…" Picha ni zilezile, nyakati zimebadilika. Ukimsikia anachanganya -na- na -li- ndani ya simulizi moja, umeshajua cha kurekebisha kesho.

Dalili: wahusika wanaongea kwa pamoja, au maneno yanapotea kabla hayajasomwa

Hili hutokea kwenye Scratch na ScratchJr. Wahusika wote wawili wameamriwa kuanza bendera ya kijani (kitufe cha kuanzisha katuni) inapobonyezwa, kwa hiyo wote wanafungua midomo sekunde ileile. Bloku ya kusema ya Scratch, yaani kipande cha amri kinachomfanya mhusika aseme, nayo huja ikiwa na sekunde 2, na sentensi ndefu ya Kiswahili haisomeki kwa sekunde 2 na mtoto wa darasa la nne.

Kwa muda, tumia kipimo rahisi: mwanafunzi aisome sentensi yake kwa sauti, taratibu, mwenzake akihesabu sekunde. Idadi hiyo ndiyo aiandike kwenye bloku. Kwa zamu, zipo njia mbili. Ya haraka ni kumwekea mhusika wa pili bloku ya kusubiri sekunde sawa na zile alizotumia wa kwanza. Iliyo bora ni kutuma ujumbe: wa kwanza akimaliza kusema, anatangaza ujumbe, na wa pili anaanza anapoupokea. ScratchJr hufanya hivyohivyo kwa bahasha za rangi.

Njia ya pili ni bora hata kwa lugha. Mwanafunzi anapotafuta ni lini mhusika wa pili ajibu, anagundua kwamba majibu mengi aliyoandika hayajibu chochote. "Unakwenda wapi?" "Mimi naitwa Juma." Wakiongea kwa pamoja kosa hilo halionekani, wakipeana zamu, darasa zima linacheka na mwandishi mwenyewe anarudi kurekebisha.

Dalili: wahusika wote wanaongea lugha moja

Mjukuu anamwambia bibi "Mambo?" Mwenye duka anamsalimu mteja mzee "Vipi?" Maneno ni sahihi, mahusiano yamepotea. Chanzo ni kwamba mtoto amechora sura bila kuamua nani ni nani.

Kabla ya kujaza kiputo cha maneno, mwanafunzi ataje umri na uhusiano wa kila mhusika, na auonyeshe kwenye mchoro: mkongojo, kanga, begi la shule. Ndipo aandike. Akishachora bibi mwenye mkongojo, "Shikamoo bibi" na "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" huja bila kusukumwa. Baada ya hapo mwambie abadilishe mhusika mmoja tu, bibi awe rafiki wa shule, na mazungumzo yote yaandikwe upya. Kwa wanafunzi ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, zoezi hili lina thamani kubwa, maana salamu ndipo mgeni wa lugha anapojulikana.

Dalili: upatanisho unavurugika

"Embe imeanguka, maembe zimeanguka." Utalikuta kosa hili kwenye kila rundo la madaftari, na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu hakusaidii sana. Kwenye katuni, fanya hivi: kitu kimoja kianguke kutoka mtini, kisha programu inakili kitu hicho viwe vingi. Kila kinachoanguka kiwe na maelezo yake. *Embe limeanguka, maembe yameanguka. Kisu kimeanguka, visu vimeanguka. Ukuta umeanguka, kuta zimeanguka.* Sekunde chache za kuchora, na jozi ya umoja na wingi imekamilika.

Halafu mwangushie kifaranga. Karibu darasa zima litasema "kimeanguka" kwa kufuata ki- ya mwanzo. Kifaranga ana uhai: *ameanguka*. Mchore akisimama, akijikung'uta na kuondoka, na nyoka, kipepeo na chura wamfuate.

Dalili: sauti haisikiki, au inasikika kelele tu

Ikiwa hakuna sauti kabisa, mara nyingi programu haikupewa ruhusa ya maikrofoni. Mtoto alipoulizwa mara ya kwanza alibonyeza kukataa, na programu haikuuliza tena. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu hiyo, fungua ruhusa, washa maikrofoni.

Ikiwa ni kelele, tatizo ni darasa. Usijaribu kunyamazisha wanafunzi 60 ili mmoja arekodi. Watoke wawili wawili, chini ya mti au nyuma ya jengo, wakiupa upepo mgongo. Kifaa kiwe karibu na mdomo, kama upana wa kiganja.

Kuna tatizo jingine la sauti ambalo halionekani kama tatizo. Programu zina maktaba ya milio tayari, mabomu, makofi, maji, na watoto wanazipenda. Matokeo yake mhusika anatumbukia mtoni na mlio wa dukani unasikika, mtoto hajasema kitu. Zuia milio hiyo. Kiswahili kina tanakali zake na zinamtosha: anguka majini *chubwi!*, anguka mchangani *tifu!*, anguka matopeni *tapwi!*, anguka sakafuni *pa!* Mtoto azitamke mwenyewe, azirekodi, aziandike pia kwenye fremu. Mhusika akinyamaza, awe kimya *jii*. Mlango ukifungwa, ufungwe *ndi*. Hakuna mtihani wa tanakali unaoweza kushindana na mtoto aliyelazimika kuamua kama Fisi wake ameanguka mchangani au matopeni.

Dalili: mmoja anachora, saba wanatazama

Kifaa kimoja kwa watoto wanane si janga, mradi kuna kazi nane. Mmoja anachora, mmoja anasoma sentensi na kumwelekeza mchoraji, mmoja anahakiki tahajia na upatanisho, wawili ni sauti za wahusika, mmoja anapima muda, mmoja anaandika maelezo ya mwisho, mmoja anajiandaa kuiwasilisha kazi mbele ya darasa. Kila kipindi zamu zibadilike, na ziandikwe, la sivyo yule yule atakuwa mchoraji hadi mwisho wa muhula.

Kanuni moja inazaa lugha nyingi: mchoraji haruhusiwi kuona daftari. Anachora anachoelekezwa kwa mdomo. "Mwekee kofia." "Ipi?" "Ile ya ukili, iliyochanika ukingoni." Vivumishi, virejeshi na vionyeshi vyote vinatoka hapo kwa lazima.

Na umeme ukikatika, pembe ya daftari inatosha. Chora vijiti kwenye kona ya kila karatasi, zipitishe haraka kwa kidole gumba, na Sungura anakimbia.

Dalili: anaandika Kiswahili, kibodi inatoa Kiingereza

Usahihishaji wa kiotomatiki wa kibodi umewekwa kwa Kiingereza. Kibodi ya Google ina Kiswahili: fungua mipangilio yake, ingia sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania. Ukitaka kupima tahajia ya mtoto kwa haki, zima kabisa usahihishaji na mapendekezo ya maneno. Scratch nayo inaweza kuwekwa Kiswahili kupitia sehemu ya lugha kwenye mipangilio iliyo juu ya ukurasa (matoleo ya zamani yana alama ya dunia), ila sehemu yake ya kugeuza maandishi kuwa sauti haina Kiswahili, kwa hiyo wahusika wasemewe na watoto wenyewe. Ni vizuri iwe hivyo.

Dalili: wa kidato cha kwanza wananyamaza kabisa

Hii ni ya Tanzania zaidi. Mtoto ametoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, na sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Umempa katuni ya Kiingereza, kikundi kinanong'ona Kiswahili, kikikuona kinanyamaza. Usiwakataze. Waache wapange hadithi na wagombanie mwisho wake kwa Kiswahili, kisha viputo vya maneno na sauti viwe vya Kiingereza. Anza na viputo vifupi vya maneno matatu au manne. Faida ya katuni kwa mtoto huyu ni kwamba anaweza kurekodi tena na tena mpaka aridhike kabla mtu yeyote hajamsikia, na aliyesema ovyo ni katuni, si yeye.

Dalili: kazi imepotea

FlipaClip na ScratchJr huhifadhi miradi ndani ya kifaa chenyewe. Mtu akiifuta programu ili apate nafasi ya picha za harusi, kazi za darasa zinakwenda nayo. Kila mwisho wa kipindi, toa katuni ikiwa video, ihamishie kwenye kadi ya memori au kompyuta ya shule, na uipe jina linaloeleweka: darasa, kikundi, tarehe. Kwa ScratchJr, ambayo haitoi video, rekodi skrini au tuma faili la mradi kwa barua pepe.

Video ikiwa nzito kutumwa kwa wazazi, punguza ubora wakati wa kuitoa. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti. Usitume video yenye sura au jina kamili la mtoto kwenye kundi la WhatsApp la shule bila ridhaa ya mzazi. Sauti na mchoro vinatosha. Na daftari lenye sentensi za kwanza lisitupwe: liweke pamoja na video, kwa kuwa hilo ndilo utakalolisahihisha na kulitolea alama.